Ungo wa Yusrah na Mdomo wa Mama Bernadetha

Yusrah alikuwa na sababu ya kutembea kifua mbele, na hakuwa mtu wa kuificha. Mwaka ule wa uchaguzi intaneti ya kasi ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mikoani, na kila mwenye chumba chenye umeme kando ya barabara kuu ya Mikumi alikuwa amebandika mlangoni kibao cha intaneti kafe. Cha Yusrah kilikuwa katikati ya gesti mbili, mkabala na pale malori ya Zambia yanapolala, na kompyuta zake zilikuwa za mtumba kama za wenzake, zenye vitufe vilivyofutika herufi. Lakini kwake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwako kwa jirani, wala Morogoro mjini, wala Dar es Salaam kwenyewe, na alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake. Alikiita Ungo.

Ungo ulikuwa kiongezo, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari, ikakaa humo na kufanya kazi yake kimyakimya mtu anapoandika. Kero iliyouzaa anaijua kila aliyewahi kuandika Kiswahili kwenye kompyuta. Unaandika "mama alikwenda kisimani", na mashine, isiyojua lugha nyingine ila Kiingereza, inakupigia mstari mwekundu chini ya kila neno, kana kwamba mama mzima pamoja na kisima chake ni makosa matupu. Kwa mtu anayeandika barua moja ya kuomba kazi si kitu. Kwa waandishi wa hadithi za mtandaoni, wale wanaotoa sehemu moja kila wiki kwenye blogu huku wasomaji wakiwatolea maneno makali wakichelewa, ilikuwa dharau ya kila siku.

Yusrah mwenyewe hakuwa mwandishi. Alikuwa msomaji, tena msomaji mlafi, na alikuwa amesomea kompyuta Morogoro mpaka akapata cheti chake. Dharau ile ilimkera kana kwamba mashine inamsonya yeye. Alikaa miezi mingi akiokota maneno ya Kiswahili popote yalipo, akayatia ndani ya programu, akaifundisha kwamba "hawakumwambia" ni neno moja halali na wala si ugonjwa. Siku mistari myekundu ilipofutika yote kwenye skrini alipiga vigelegele peke yake, hadi muuza vitunguu wa nje akaingia kuuliza nani anaolewa.

Waandishi waliupokea kwa furaha na kwa utani. Walimwambia sasa watakuwa wanaruka na ungo kama wachawi. Yeye alijibu kwamba ungo wa kwao Kilosa unapepeta mchele, na hao wanaoruka wawaulize wa kwao.

Chini kabisa ya Ungo aliweka kisanduku cha maoni chenye swali moja tu: "Ungo umekukosea wapi?" Ukweli ni kwamba aliuliza akiamini hakuna atakayepata la kusema. Wakasema. Ditram, mpokea wageni wa gesti ya jirani, aliyekuwa akiandika hadithi za majini yanayosimamisha malori barabarani, alilalamika kwamba Ungo haulijui neno "zimwi". Kesho yake ulilijua. Aneth, mwalimu wa sekondari Kilosa mjini, aliandika hadithi za mapenzi kwa jina la bandia ili wanafunzi wasimtambue, na wanafunzi walimtambua vizuri sana. Yeye alituma maoni marefu kama ripoti ya mkaguzi wa shule, na mengi yalikuwa ya kweli. Yusrah alisoma yote, akanung'unika, akarekebisha, akatoa toleo jipya, na kila toleo alilitangaza kwa mbwembwe za mtu anayezindua daraja.

Mtumiaji aliyemvimbisha kichwa kuliko wote alikuwa Masunga. Huyu alikuwa mkulima wa mpunga Kilangali, wa familia iliyoshuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa yeye akiwa bado mtoto, na kila wiki alikwenda Kilosa mjini kukodi kompyuta na kuandika sehemu moja ya hadithi yake. Hadithi ilisomwa na watu wa Mwanza, wa Mbeya, hata wa Arabuni waliokwenda kutafuta maisha. "Masunga wa Kilangali anatumia Ungo wangu," Yusrah aliwaambia wateja, wakiwemo wale walioingia kutoa fotokopi tu na wasiojua Masunga ni nani.

Na hadithi yenyewe ilistahili. Ilikuwa ya mama mmoja mjane, aliyeitwa Mama tu, ambaye wagombea wote wa kata walikuwa wakimbembeleza kwa kuwa kijiji kizima kilimsikiliza. Mama huyo aliongea kama wanavyoongea wazee wengi wa kwao, r mahali pa l, na l mahali pa r. Alikuwa anakwenda "kupiga kula", na wageni aliwakaribisha "kura". Wasomaji walivunjika mbavu, lakini hakuna aliyemcheka. Walicheka naye, kwa sababu katika kila sehemu Mama aliwazunguka wale wagombea na kuwaacha wameshika vichwa.

Sasa ndipo Aneth alipoleta maoni yaliyoanzisha yote. Waandishi wetu wengi, aliandika, wanachanganya r na l bila kujijua, na wasomaji wa mjini wanawacheka. Je, Ungo hauwezi kuwasaidia? Wengine wakamuunga mkono. Yusrah akavua viatu chini ya meza, kama afanyavyo akipata kazi ya kumtoa jasho.

"Mkurima" kuwa "mkulima" ilikuwa rahisi, maana "mkurima" si neno. Kigumu kilikuwa pale maneno yote mawili yapo. Kuna karamu na kuna kalamu. Kuna mahali na kuna mahari. Yusrah aliufundisha Ungo kutazama majirani wa neno. Mtu akiandika "ametoa mahali ya ng'ombe kumi", Ungo unawaona wale ng'ombe wamesimama pale, unaelewa kwamba ni mahari. Mtu akiandika "kupiga kula", unaona neno la kupiga, unaelewa kwamba ni kura. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye akili, na hapa mimi ninayesimulia sitamnyima haki yake: hata waliosoma nchi za nje wangejikuna kichwa.

Aneth alimshauri Ungo uwe unauliza kwanza kabla ya kubadilisha. Yusrah akakataa katakata.

"Kuuliza-uliza ni kwa programu zisizojiamini," alimjibu. "Ungo unapepeta tu. Mtu akibonyeza kuchapisha, makosa yanabaki nje."

Toleo likatoka. Wiki hiyohiyo Masunga akaenda Kilosa mjini kuchapisha sehemu iliyokuwa inasubiriwa kuliko zote. Wapambe wa mgombea walikuwa wamepika pilau kijiji kizima, na wakati wa kuondoka wakamwuliza Mama kama sasa wana uhakika na kura yake. Masunga alikuwa ameandika jibu lake hivi: "Kalamu yenu nimekura, rakini karamu yangu naishika mwenyewe." Akabonyeza kuchapisha, akatoa nakala moja ya karatasi bila kuitazama, akawahi gari la kurudi Kilangali.

Alichokisoma ulimwengu ni hiki: "Karamu yenu nimekula, lakini kalamu yangu naishika mwenyewe."

Yusrah aliisoma kwenye kafe yake, akaona imenyooka, akatabasamu. Kisha akateremka kwenye maoni ya wasomaji. Mmoja aliuliza kama Mama amepata kazi ya kusoma taarifa ya habari. Mwingine aliandika, "Mwandishi, huyu ni nani umetuletea? Mama yetu yuko wapi?" Mtu wa Arabuni aliandika kwamba kila Ijumaa alikuwa akimsikia mama yake mzazi ndani ya hadithi ile, na leo hakumsikia.

Siku chache baadaye, ndani ya kisanduku cha maoni cha Ungo, kulikuwa na maneno mawili kutoka kwa Masunga: "Umenifutia mama."

Sasa mtu mwingine angeomba radhi hapohapo na mambo yakaisha. Yusrah alifungua programu yake, akapitia kanuni moja baada ya nyingine, akakuta Ungo umefanya barabara kile ulichoambiwa. Damu ikamchemka. Kazi ile yote, halafu mtu analalamika kwamba makosa yake yameondolewa! Akamjibu: "Ungo haukukosea. Hayo yalikuwa makosa ya r na l, na umeyasahihisha yote vizuri."

Masunga aliutoa Ungo kwenye kompyuta aliyokuwa akiikodi, na wiki iliyofuata hakuchapisha chochote. Wiki iliyofuatia pia, kimya. Wasomaji walipiga kelele, kisha waandishi wenzake wakaanza kuuliza kulikoni, na walipojua wakaanza kuutoa Ungo mmoja mmoja. Hata Ditram alikuja kutoka gesti, akasimama mlangoni akichezea funguo za vyumba.

"Dada Yusrah, usinielewe vibaya. Nimeutoa kidogo."

"Kitu hakitolewi kidogo, Ditram. Kimetoka au kimo."

"Basi kimetoka. Nina dereva wa lori wa Tukuyu kwenye hadithi yangu. Anasema 'balabala'. Ungo umempeleka 'barabara', sasa hana tofauti na jini. Hata jini linamshinda kwa kuwa na kwao."

Yusrah alimwambia anashukuru kwa maoni yake, kwa sauti ile ambayo mtu akiisikia anaondoka. Lakini alipobaki peke yake moyo ulimuuma, na alijua unamuuma kwa nini. Wengine wote wangeweza kwenda zao. Aliyemfanya ajione ametengeneza kitu alikuwa Masunga, na kama Masunga haandiki tena kwa sababu ya Ungo, basi Ungo ulikuwa umefanya kinyume cha kazi yake. Hata hivyo bado hakuamini kwamba umekosea. Aliona tatizo ni kwamba Masunga hajaeleweshwa. Jumamosi, siku aliyozoea kwenda kuwaona wazazi wake Kilosa, aliweka kompyuta ya mapajani mkobani, na akashuka njiani, Kilangali, kwenda kumwelewesha.

Haikuwa kazi kuulizia kwake. Uani alimkuta mama wa makamo yaliyokwisha kusogea, kanga kifuani, anapepeta mchele. Ungo wa kweli huo, wa ukindu, umekatika ukingo mmoja na kushonwa upya kwa kamba ya kiroba. Makapi yalikuwa yanaruka upande wa upepo na kuku wanayakimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, ng'wanone," aliitikia, akimwita mwanangu kwa Kisukuma. "Kalibu, kalibu."

Alikuwa Bernadetha, mama yake Masunga, na kabla Yusrah hajajieleza alikwishawekewa kigoda. Masunga alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani. Alikuwa kijana mrefu wa maneno machache. Yusrah alipotaja jina lake akamsalimia kwa nusu mdomo, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Mama aliona, lakini kwake mgeni ni mgeni.

"Kwanza kura," alisema. "Kuna wari na mrenda. Maneno baadaye."

Wakala. Yusrah alikuwa amejipanga njia nzima, hoja zake zimekaa mstari, lakini hakupata pa kuzianzia kwa sababu mama huyu alikuwa na lake la kusema, na alikuwa amelibeba muda mrefu akikosa mtu wa kumtua.

"Wewe unaonekana umesoma," alimwambia. "Niamurie na huyu mwanangu. Arikuwa ananisomea hadithi yake kira wiki, na maneno yote nampa mimi. Nacheka mpaka machozi. Juzi akaja na kalatasi ametoa huko mjini, akanisomea mama mwingine. Nikamuuriza, huyu nani? Anasema ni wewe. Mimi? Mimi naongea hivyo?" Akasukuma sahani. "Ameona haya na mdomo wangu mbere ya watu. Haya. Basi na mimi mdomo nimefunga."

"Nimemwambia ni kompyuta," Masunga alisema bila kumtazama mtu. "Hataki kuamini. Anasema kompyuta itaujulia wapi mdomo wake. Tangu siku hiyo hanisimulii kitu. Na yeye asiposimulia, mimi sina cha kuandika."

Yusrah aliweka tonge chini. Alikuwa amekuja kutetea kanuni za r na l, na kumbe hapa kulikuwa na mama anayeamini mwanawe wa kumzaa anamwonea haya. Hoja zake zilizokaa mstari zilitawanyika zote. Roho ilimsuta, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mama," alisema, "si Masunga. Ni mimi."

Alifungua kompyuta juu ya kigoda, akamwita asogee. Mama Bernadetha alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima enzi zile, na herufi alizifuata kwa kidole bila taabu. Yusrah akamwomba aseme neno lolote, alivyozoea.

"Andika, kalibu kura."

Yusrah akaandika vilevile, "kalibu kura", akabonyeza. Herufi zikajigeuza mbele ya macho yao: "karibu kula". Mama alirudisha kidole nyuma kana kwamba kimeungua. Akasema neno lingine, nalo likageuka. Akautega Ungo kwa mahali na mahari, akataja ng'ombe, nao ukawaona ng'ombe na kubadilisha. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Kumbe si wewe."

"Si mimi, mama."

"Hukuona haya."

"Nione haya na nini? Watu mpaka Arabuni wanakusubiri wewe."

Mama Bernadetha alijifuta uso kwa pindo la kanga, na alipomaliza kujifuta alikuwa mtu mwingine, amekaa wima, na macho yake yalikuwa kwa Yusrah.

"Na wewe. Uripokuja nirikuitikia kwa mdomo huu huu. Mbona hukunisahihisha?"

Yusrah aliyaondoa macho kwenye skrini. Kumsahihisha mtu mzima anapoongea? Kwao Kilosa, kwenye nyumba za watu wa reli, bibi yake mzaa baba aliyeletwa na reli kutoka Tabora alisema "mpila" na "balua" mpaka alipofariki, na hakuna mjukuu aliyewahi kuthubutu kumrekebisha. Angekula kofi la baba kabla hajamaliza sentensi. Yusrah mwenyewe aliwahi kupigana shuleni na mtoto aliyemwigiza bibi.

"Siwezi, mama," alisema. "Wewe ni mzazi wangu."

"Basi na hiki kidude chako kifundishe. Nikiongea, kinyamaze."

Masunga aliinamisha kichwa akijizuia kucheka. Lakini Yusrah alikuwa ameshaacha kusikia kicheko. Alivua viatu. Nikiongea, kinyamaze. Mwandishi anaposimulia, Ungo upepete. Mhusika anapofungua mdomo, Ungo ukae kwa adabu, mikono magotini, kama mtoto aliyelelewa. Na Ungo ungejuaje kwamba mtu anaongea? Kwa alama za kufungua na kufunga maneno, zilizopo katika kila hadithi duniani!

"Mimi sizitumii," Masunga alisema alipoelezwa. "Naweka kistari mwanzoni mwa mstari. Zile za kufungua na kufunga zinanichosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Kisanduku chako kinauliza Ungo umekukosea wapi. Hakiulizi mimi naandikaje."

Yusrah alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Wakakaa mkekani jioni yote, Masunga anaandika anavyoandika, Yusrah anatazama na kurekebisha, na mama pembeni anatoa maneno ya kujaribia na kudai aone kama kidude kimenyamaza. Kilipokosea alikikemea. Kilipopatia alisema, "Ndiyo hivyo," na kuendelea na mchele wake. Wazazi wa Kilosa walimsubiri bure Jumamosi ile.

Alirudi Mikumi na toleo nusu, akawaandikia watumiaji wote, waliobaki na waliotoka. Hakuzunguka. Aliwaambia kwamba Ungo uliwakosea, kwamba ulikuwa ukiwakatiza watu wazima katikati ya maneno yao, na kwamba sasa anataka kujua kila mmoja anaandikaje mazungumzo. Majibu yakamiminika. Wengine waliweka kistari, wengine alama, mmoja aliandika majina ya wahusika na nukta mbili kama mchezo wa redioni. Ditram alijibu papo hapo, akaja na kwa miguu kuhakikisha jibu limefika.

Aneth ndiye aliyeleta la kupinga, kama kawaida yake, na kama kawaida yake alikuwa na hoja. Wahusika wake walikuwa walimu na madaktari. Wakichanganya r na l, aliandika, aliyeteleza si wao, ni yeye mwenyewe kwenye vitufe. Ungo ukinyamaza kabisa, nani atamwambia?

Yusrah alizunguka na swali hilo kutwa nzima. Kubadilisha bila kuuliza ni utovu wa adabu. Kunyamaza kabisa ni kumwacha mtu atembee na kanga imegeuka nje ndani. Mtu mwenye adabu akisikia neno asilolielewa kwa mkubwa wake hufanya nini? Husogea, huuliza kwa upole. Akameza maneno yake kuhusu programu zisizojiamini, na ninakuhakikishia aliyameza bila maji. Kuanzia toleo hilo, neno la r au l likionekana ndani ya mazungumzo, Ungo haukuligusa. Uliweka nukta ndogo za kijani chini yake na kuuliza: "Ndivyo anavyoongea?" Majibu yalikuwa mawili, "Ndiyo" na "Hapana, nimeteleza". Ukishajibu ndiyo, Ungo ulimkumbuka mhusika yule na haukumsumbua tena.

Aneth alituma neno moja, la kwanza fupi maishani mwake: "Safi." Dereva wa Ditram alirudi kwenye balabala yake na jini likamwogopa upya. Waandishi waliotoka walirudi, wakaja na wenzao, na wa Kigoma wakaomba Ungo ujifunze na mdomo wa kwao, na wa Mtwara nao. Yusrah alitangaza toleo kwa mbwembwe zilezile za kuzindua daraja, lakini safari hii tangazo lilikuwa mstari mmoja, na aliubandika hata ukutani kwa kafe, juu ya mashine ya fotokopi: "Ungo sasa unanyamaza mtu mzima akiongea." Madereva wa malori waliusoma wakashindwa kujua unauzwa nini.

Na Masunga akachapisha. Aliirudisha sehemu ile ya pilau kama alivyoiandika, kalamu ikaliwa na karamu ikashikwa mkononi, na juu yake akaongeza sehemu mpya, ndefu kuliko zote. Mama alikuwa amempa maneno ya kutosha mpaka uchaguzi upite. Maoni ya wasomaji yalijaa siku hiyohiyo. "Mama amerudi!" waliandika. "Mama huyoo!" Mtu wa Arabuni hakuandika sentensi, aliandika tu, "Mama." Yusrah aliyasoma yote, akayarudia, na fahari aliyoisikia haikuwa ile ya zamani ya kumsimamisha kila mtu na kumsimulia. Hii ilimkaa kifuani, imetulia, na hakuwa na haja ya kumwonyesha mtu.

Asubuhi moja, mteja amesimama anasubiri fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, Yusrah alikuwa anahamisha maoni mapya ya watumiaji kwenye ukurasa wa Ungo ili na wengine wayaone. Moja lilitoka Kilangali. Chini ya swali la "Ungo umekukosea wapi?" Masunga alikuwa ameandika kwamba yeye hana la kusema, ila ameambiwa aandike neno kwa neno kama alivyoambiwa, na ole wake abadilishe. Kisha kistari, kisha maneno:

– Mwambie ungo wake siku hizi una adabu. Mpunga ukiiva aje tena kura.

Yusrah aliyaandika kwenye ukurasa, herufi kwa herufi. Alipofika mwisho, chini ya lile neno la mwisho, nukta ndogo za kijani zikajitokeza, na Ungo wake mwenyewe ukasogea kwa upole kumwuliza: "Ndivyo anavyoongea?"

Macho yalimjaa. Mteja alimwona ameganda mkono hewani, akauliza kama mashine imeharibika.

"Ndivyo anavyoongea," Yusrah alisema, akabonyeza Ndiyo.